Fulani "ateuliwa": uteuzi upi? Kupendekeza, kuteua, kuthibitisha, kuchagua na kutaja jina

MhaririZamuUsiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, haipiti wiki bila kichwa cha habari kusema fulani "ateuliwa", na chini yake watu wanapongezana au kulumbana juu ya jambo ambalo pengine bado halijatokea. Neno uteuzi siku hizi limebebeshwa mizigo mingi mno. Linatumika kwa kupendekeza jina, kwa kumpa mtu cheo, kwa kukubaliwa fomu ya kugombea, na hata kwa mtu aliyechaguliwa kwa kura. Naanza na Tanzania, wa nchi nyingine waongeze.

Kipimo ninachotumia dawatini ni swali moja: jina likishatajwa, je, kuna mkono mwingine wenye uwezo wa kulikataa?

Kama haupo, ni uteuzi kamili. Mfano ni wabunge wasiozidi 10 ambao Rais anawateua kwa ibara ya 66 ya Katiba ya 1977. Bunge halipigi kura juu yao. Jina likitoka Ikulu limetoka, kilichobaki ni kiapo. Wakuu wa mikoa wa Bara ni hivyo hivyo. Zanzibar kuna hatua moja ya ziada: Rais wa Zanzibar anawateua baada ya kushauriana na Rais wa Muungano. Lakini kushauriana si kuomba idhini, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Majaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania nao wanateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Anayeshauriwa hana kura ya turufu.

Kama mkono wa pili upo, kinachotangazwa siku ya kwanza ni nusu ya safari. Waziri Mkuu ndiye mfano mzuri. Ibara ya 51 inampa Rais siku 14 tangu ashike madaraka awe ameteua mbunge wa jimbo kutoka chama chenye wabunge wengi, lakini mteule hashiki kazi mpaka Bunge lithibitishe kwa kura za walio wengi. Novemba 2015 jina la Kassim Majaliwa lilifika bungeni ndani ya bahasha, likasomwa na kupigiwa kura tarehe 19, akaapishwa tarehe 20. Gazeti lililoandika tarehe 19 asubuhi kwamba "Waziri Mkuu mpya ni nani" lilikuwa na haki ya kuuliza hivyo hata kama Rais alikwishaamua.

Kisha kuna nafasi ambayo Katiba yenyewe inatumia neno la kupendekeza. Makamu wa Rais akishika urais katikati ya kipindi, Rais huyo mpya anashauriana na chama chake kisha *anapendekeza* jina la Makamu, Bunge linathibitisha. Ndivyo ilivyokuwa Machi 2021: Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 19, jina la Philip Mpango likathibitishwa na Bunge tarehe 30, akaapishwa tarehe 31. Aliyeandika tarehe 30 asubuhi kwamba Mpango "ni Makamu mpya" alitangulia kiapo na kura.

Haya, karibuni. Naomba tujikite kwenye hatua na maneno, siasa za nani alistahili zina jukwaa lake.

WakiliBaridi254

Uzi mzuri. Upande wa Kenya mkanganyiko ni mkubwa zaidi, kwa sababu Katiba ya 2010 kwa Kiingereza ina maneno mawili tofauti mahali ambapo sisi kwa Kiswahili tunarudia lile lile. Kwa mawaziri, kifungu cha 132 kinasema Rais kwanza anawasilisha jina, halafu kwa idhini ya Bunge la Taifa ndipo anampa mtu kazi. Magazeti yetu ya Kiswahili hatua zote mbili yanaziita "kuteua". Kwa hiyo mtu mmoja "anateuliwa" mara mbili, mwezi mmoja mbali.

Wanahabari walichofanya ili kuokoa hali ni kuingiza "waziri mteule" kwa aliye katikati, na "kupigwa msasa" kwa kikao cha Kamati ya Uteuzi. Kamati hiyo huongozwa na Spika. Mwananchi yeyote anaweza kuipelekea hati ya kiapo kumpinga aliyependekezwa, mradi aipeleke ndani ya muda uliotangazwa. Ripoti ya kamati inaenda kwenye Bunge zima, na Bunge halifungwi na ripoti hiyo.

Mifano miwili inaonyesha. 2022 kamati ilimkataa Peninah Malonza wa Utalii, lakini Bunge zima likaipindua kamati na akawa waziri. 2024 kamati ilimkataa Stella Soipan Langat wa Jinsia, na safari hiyo kukataliwa kukasimama. Wote wawili waliandikwa "ateuliwa waziri" siku Rais alipotangaza. Mmoja hakuwahi kuwa.

Majaji ndio kisa kirefu. Kenya, Tume ya Huduma za Mahakama *inapendekeza*, Rais *anateua*. 2019 tume ilipeleka majina 41 kwa Rais Uhuru Kenyatta. Mmoja alifariki. Juni 2021 Rais akateua 34 na kuwaacha sita. Mzozo wote wa mahakamani ulikuwa juu ya swali hili: je, kwa jaji, mkono wa Rais ni wa kuchuja au wa kupiga muhuri tu? Wale sita waliapishwa Septemba 2022, baada ya William Ruto kuingia. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka mitatu kulikuwa na watu waliopendekezwa kihalali ambao hawakuwa majaji. Aliyewaita "majaji wateule" hakukosea, lakini aliyewaita "majaji walioteuliwa" alikosea. Herufi chache, tofauti kubwa.

Jaji Mkuu anapita mikono mitatu: tume inapendekeza, Bunge la Taifa linaidhinisha, Rais anateua. Martha Koome alipita zote Aprili hadi Mei 2021.

Mdakuzi_wa_Ilala

Swali. Hapo Kenya mnasema "seneta mteule". Huyu ni yule aliyeshinda uchaguzi hajaapishwa, au yule wa kuletwa na chama?

WakiliBaridi254

Umegusa kidonda. Yote mawili! Baada ya uchaguzi wa Agosti, "gavana mteule" ni aliyeshinda na anasubiri kiapo. "Seneta mteule" anaweza kuwa aliyeshinda, anaweza kuwa mmoja wa wale 20 walioingia kwa orodha za vyama: wanawake 16, vijana wawili, na watu wawili wenye ulemavu. Bunge la Taifa lina 12 wa namna hiyo, na mabunge ya kaunti yana wao. Waandishi makini wanasema "seneta maalum" na "mbunge maalum" kwa wa orodha, na wanaweka "mteule" kwa anayesubiri kiapo. Ningependa wote wafanye hivyo.

MhaririZamuUsiku

Huku kwetu Katiba nayo inamwita mshindi wa urais "Rais mteule" mpaka ashike madaraka, na lazima ashike kabla siku saba hazijapita tangu atangazwe. Huyo hajateuliwa na mtu, amechaguliwa. Ndiyo maana kwa wale kumi wa Rais tunasema "mbunge wa kuteuliwa", si "mbunge mteule". Utangulizi huo wa "wa ku-" unaondoa utata wote.

Bi_Mkubwa_Tanga

Msisahau teule ya tatu, haihusu cheo wala kura. *Hospitali teule*. Muheza tunayo, na wilaya kadhaa zinayo. Ni hospitali ya dhehebu ambayo serikali imeingia nayo mkataba ifanye kazi ya hospitali ya wilaya mahali ambapo serikali haina yake. Majengo yanabaki ya kanisa, serikali inachangia watumishi na ruzuku. Serikali ikijenga hospitali yake ya wilaya, ile ya mwanzo inaweza kupoteza uteule wake na isipoteze kitanda hata kimoja. Kwa hiyo "teule" hapo ni kuwekewa jukumu. Wageni wanaosoma kibao wanadhani ni hospitali bora kuliko nyingine.

AfisaJimbo

Niingie kwenye uchaguzi maana huko ndiko watu wanakoumia kweli, na wanaumia kwa sababu ya neno hili hili.

Mtu anayetaka ubunge Tanzania anapita hatua nne mpaka awe mbunge, na anavyoitwa kunabadilika njiani.

Kwanza ni *mtia nia*. Amechukua fomu ndani ya chama. Hana haki yoyote mbele ya Tume ya Uchaguzi.

Pili anaingia *kura za maoni*. Kenya wanaita *mchujo*. Jina letu linasema ukweli: ni maoni. Ndani ya CCM, kwa mfano, matokeo ya kura za maoni yanapanda vikao mpaka Halmashauri Kuu ya Taifa, ambayo ndiyo inafanya uteuzi wa mwisho wa wagombea ubunge. Aliyeongoza kura za maoni anaweza kuachwa akachukuliwa wa pili au wa tatu. Anayelia "nimeshinda, nimenyang'anywa" ameongoza kura za maoni, uteuzi wa chama ni jambo jingine. Urais nao uko hivyo: Kamati Kuu inachuja hadi majina matano, Halmashauri Kuu inabakiza matatu, Mkutano Mkuu unapiga kura. 2015 yale matano yalikuwa ya Bernard Membe, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. Yakabaki ya Magufuli, Migiro na Amina. Mtaani wanaita hatua hizo "kukata majina".

Tatu, chama kikishampitisha, kwa Tume huyo bado ni *aliyependekezwa na chama*. Neno la Katiba ni hilo hilo, kupendekezwa. Sasa anachukua fomu za uteuzi kwa msimamizi wa uchaguzi wa jimbo. Na hapa "uteuzi" unageuka maana kabisa: msimamizi hamchagui mtu kwa kumpenda, anakagua kama masharti yametimia. Yakitimia anamteua kuwa *mgombea*, yasipotimia hamteui. Siku ya uteuzi mwaka 2025 ilikuwa 27 Agosti, miezi miwili kabla ya uchaguzi.

Wadhamini: ubunge wapigakura wasiopungua 25 walioandikishwa ndani ya jimbo. Urais ni 200 kwa kila mkoa katika mikoa isiyopungua 10, na angalau mikoa miwili kati ya hiyo iwe ya Zanzibar. Piga hesabu, ni 2,000 kwa uchache.

Yanayoangusha watu ni madogo. Mdhamini ana kadi ya mpigakura lakini kajiandikisha jimbo la jirani. Namba ya kadi imenakiliwa kwa kukosea tarakimu moja. Mtu kaleta majina 25 kamili, wawili wakaenguliwa, akabaki na 23. Leteni 40 jamani, karatasi haiumi. Sehemu ya tamko haikusainiwa mbele ya hakimu. Sehemu ya chama imesainiwa na katibu ambaye si yule chama kilichomwidhinisha. Au mtu amefika saa kumi na robo jioni wakati dirisha limefungwa saa kumi.

Hata akiteuliwa, kuna *pingamizi*. Mgombea mwenzake anaweza kupinga uteuzi mpaka saa kumi jioni ya siku inayofuata. Msimamizi anaamua kwa maandishi, asiyeridhika anakata rufaa Tume. Kwa hiyo siku ya uteuzi usiku, sherehe ni za mapema.

Nne, akishinda, ni mbunge. Na bado hajaapa.

Mdakuzi_wa_Ilala

Na wale waliokuwa "wamepita bila kupingwa" 2020?

AfisaJimbo

Hao walikuwa wagombea ambao siku uteuzi ulipofungwa walibaki peke yao, ama wenzao hawakurudisha fomu ama walienguliwa. Uteuzi ukageuka ushindi. Ndiyo maana ugomvi wa fomu ulikuwa mkali vile: kwenye jimbo la namna hiyo, karani aliyekagua tarakimu za kadi alikuwa na uzito kuliko sanduku la kura.

WakiliBaridi254

Kenya tuna kitu ambacho Tanzania hamna: *mgombea huru*. Anaruka hatua ya chama, anakusanya sahihi zake mwenyewe, anaenda moja kwa moja kwa IEBC, tume yetu ya uchaguzi. Aliyebwagwa mchujoni huwa anawaza njia hiyo, lakini sheria inataka awe ameshatoka chamani miezi mitatu kabla ya uchaguzi, kwa hiyo ukisubiri mchujo uishe ndipo ukasirike, unaweza kuwa umechelewa.

Kuna pia *uteuzi wa moja kwa moja*: chama kinampa mtu cheti bila mchujo. Cheti cha chama si kibali cha IEBC. Watu wawili wamewahi kutokea na vyeti vya chama kimoja kwa kiti kimoja, na hapo kesi inaenda kwa Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa kabla haijafika mahakamani.

MhaririZamuUsiku

Kuhusu mgombea huru: Christopher Mtikila alipeleka shauri hilo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, na Juni 2013 mahakama ikasema Tanzania inakiuka haki kwa kumlazimisha mgombea apitie chama. Ibara za 39 na 67 zenye maneno ya "mgombea aliyependekezwa na chama cha siasa" bado ziko vile vile. Yaani mjadala mzima umesimama juu ya kitenzi kimoja, nani ana haki ya kupendekeza.

Salma_K

Viti maalum je? Nasikia "ameteuliwa na chama", "ameteuliwa na Tume", "amechaguliwa na UWT" (jumuiya ya wanawake ya CCM). Ni ipi?

AfisaJimbo

Zote, kwa mfuatano. Jumuiya ya wanawake ya chama inapiga kura, chama kinapanga orodha kwa vipaumbele na kuipeleka Tume, Tume inagawa viti kwa uwiano wa kura za ubunge ambazo kila chama kimepata nchi nzima. Chama kisichofikisha asilimia 5 ya kura halali za ubunge hakipati kitu. Tume haichagui mwanamke gani, inahesabu na kushuka na orodha kutoka juu. Kwa hiyo ugomvi wa kweli ni nafasi yako kwenye orodha. Wa 12 kwenye chama kilichopata viti 11 yuko nje, basi.

WakiliBaridi254

Tofauti na sisi: Kenya uwiano unahesabiwa kwa *viti* ambavyo chama kimeshinda, si kwa kura. Na kwa orodha ya wale 12, majina lazima yapishane mwanamke na mwanamume. Orodha inapelekwa kabla ya uchaguzi.

KaraniMasjala

Niwatoe kwenye siasa kidogo. Uteuzi unaowagusa watu wengi kuliko wote ni wa *msimamizi wa mirathi*, na kosa ni lile lile la kuchanganya pendekezo na uteuzi.

Familia ikikaa, inaandika muhtasari wa kikao cha ukoo: waliohudhuria na sahihi zao, warithi wote, mali zinazojulikana, na jina la waliyemkubali. Watu wanatoka pale wakisema "tumemteua Juma". Hapana. Mmempendekeza. Anayeteua ni mahakama.

Kwa mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu, Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa na makazi yake ya kudumu ndiyo inapokea maombi. Pendekezo lenu linaambatanishwa na Fomu Na. 1 ya maombi, cheti cha kifo, na kwa kawaida barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Mahakama inatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Pingamizi likija, mahakama inasikiliza pande zote, na inaweza kumteua mtu tofauti kabisa na wa kikao, hata asiye ndugu kama anaaminika. Ikiridhika inatoa barua ya usimamizi, na ni karatasi hiyo tu benki na ofisi ya ardhi wanaitambua.

Makosa ninayoyaona kwenye majalada:

Aliyependekezwa anauza kiwanja kwa kutumia muhtasari wa kikao. Mnunuzi analipa, hati haibadiliki jina, kesi inaanza. Muhtasari si mamlaka ya kuuza chochote.

Muhtasari umeacha mrithi mmoja nje, mara nyingi mtoto wa nje ya ndoa au mke mdogo. Huyo akijitokeza hata baada ya uteuzi, usimamizi unaweza kutenguliwa na kazi ikaanza upya.

Msimamizi akishateuliwa anadhani amerithi. Uteuzi unamfanya mtumishi wa warithi. Ana miezi minne kuwasilisha Fomu Na. 5, orodha kamili ya mali na madeni, kisha Fomu Na. 6 ya hesabu za mgawanyo. Ngazi ya Mahakama Kuu muda ni miezi sita kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu. Wengi hawarudi kabisa mahakamani, jalada linabaki wazi miaka, na siku moja mpwa anaomba usimamizi utenguliwe kwa sababu hiyo na anashinda.

Kama kuna wosia, mambo yanageuka: marehemu mwenyewe *amemtaja* msimamizi wa wosia, na mahakama *inathibitisha*. Kikao cha ukoo hakina la kupendekeza hapo, hata wajomba wakinuna.

Na kwa kuwa tunazungumzia kutaja: kesi "kutajwa" si kesi kusikilizwa. Siku ya kutajwa mahakama inaangalia imefikia wapi na kupanga tarehe. Usilete mashahidi kutoka kijijini, utawalipia nauli bure.

Salma_K

Hiyo ya miezi minne wengi hawaijui. Asante.

ParokiaYetu

Kanisani tunayo "askofu mteule" na watu wanaisoma vibaya pia. Kwa Wakatoliki, Papa anateua. Kama mteule ni padri, bado hajawa askofu mpaka apewe daraja, na sheria ya Kanisa inampa miezi mitatu tangu apokee barua ya uteuzi. Kushika jimbo, yaani kusimikwa, ni tendo jingine: miezi minne kama hakuwa askofu, miwili kama tayari ni askofu anahamishwa. Kwa hiyo anayehamishwa ni askofu kamili, lakini kwa jimbo jipya ni mteule. Kwa Walutheri wa KKKT, askofu wa dayosisi *anachaguliwa* na mkutano mkuu wa dayosisi kwa kura, kisha anaingizwa kazini. Ukiandika "ameteuliwa kuwa askofu" kwa KKKT umebadilisha mfumo wao wa uongozi kwa neno moja.

Mdakuzi_wa_Ilala

Balozi?

MhaririZamuUsiku

Balozi ana mkono wa pili ulio nje ya nchi. Kwa Mkataba wa Vienna wa 1961, nchi inayopokea lazima iulizwe kwanza kama inamkubali mtu huyo, na ikikataa hailazimiki kutoa sababu. Kisha anawasilisha hati za utambulisho kwa mkuu wa nchi hiyo. Kati ya uteuzi na hati ni miezi wakati mwingine, ndiyo maana unaona "balozi mteule wa Tanzania nchini..." muda mrefu.

UwanjaNaTuzo

Huku kwenye michezo tuna bahati, maneno yametengana yenyewe. Kocha *anataja* kikosi, *anaita* wachezaji kambini, *anapanga* kikosi cha kuanza. Ila utata uko kwenye "kikosi cha awali" na "kikosi cha mwisho". Kombe la Dunia 2022 orodha ya awali ilikuwa ya wachezaji 35 hadi 55, ya mwisho 23 hadi 26. Kuwa kwenye ya awali si kuitwa, ni kuwekewa akiba.

Tuzo ndiko kuna uongo mtamu. "Ateuliwa kuwania Nobel ya Amani"! Kwa Nobel ya Amani, mbunge yeyote wa nchi yoyote anaweza kupeleka jina, na maprofesa wa fani kadhaa za vyuo vikuu pia. Mwisho ni 31 Januari. Kamati ya Norway haithibitishi majina, kumbukumbu zinafungwa miaka 50. Kwa hiyo anayejitangaza "mteule wa Nobel" maana yake kuna mtu mmoja amesema ameandika barua. Andika "amependekezwa", na ongeza nani amempendekeza. Wangari Maathai 2004 alishinda, huyo hana haja ya kuitwa mteule. Tuzo za muziki na filamu ni tofauti, pale orodha fupi inatolewa na waandaaji wenyewe, kwa hiyo "ametajwa kuwania" au "ameingia kwenye kinyang'anyiro" ni sahihi.

Bi_Mkubwa_Tanga

Na jina lenyewe mnalipita. Nusu ya fomu zinazokataliwa ni jina. Mtu kazaliwa akapewa jina siku ya saba kwenye akika, shuleni kaandikishwa kwa tahajia nyingine, ubatizoni au aliposilimu kaongeza jingine, mtaani ana lakabu, na kitambulisho cha NIDA kina majina matatu kwa mpangilio wake. Zote ni zake, lakini fomu inataka moja.

AfisaJimbo

Kweli kabisa Bi Mkubwa. Kama tofauti ni ya tahajia au mpangilio, hati ya kiapo cha majina mbele ya hakimu au wakili, inayosema fulani na fulani ni mtu mmoja, kwa kawaida inatosha. Kama unataka kubadili jina kabisa, ni hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, kisha unarekebisha kitambulisho, vyeti na daftari la wapigakura kwa mfuatano huo. Fanya mapema, si wiki ya kurudisha fomu. Lakabu haina shida kampeni: Joseph Mbilinyi, aliyekuwa mbunge wa Mbeya Mjini, wengi wanamjua kama Sugu. Lakini kiapo kinaapwa kwa jina la kwenye hati.

Salma_K

Swali la mwisho kutoka kwangu. Taarifa ya Ikulu ikisema "uteuzi huu unaanza mara moja" na kiapo ni Jumatatu ijayo, huku aliyekuwepo "uteuzi wake umetenguliwa", katikati hapo nani anasaini?

MhaririZamuUsiku

Inategemea cheo. Waziri na naibu wake, ibara ya 56 inasema hawashiki madaraka mpaka wameapa mbele ya Rais. Kwa hao "unaanza mara moja" hakuruki kiapo. Mwenyekiti wa bodi ya shirika, ambaye kwa kawaida haapishwi Ikulu, anaanza siku hiyo hiyo. Aliyetenguliwa amekwisha tangu tarehe iliyotajwa kwenye taarifa, asisaini tena chochote. Barua za tarehe ya baadaye zenye sahihi yake ndizo wakaguzi wanazichomoa kwanza. Pengo linajazwa na anayekaimu, na kukaimu kunahitaji barua yake.

Mbunge naye hawezi kushiriki shughuli za Bunge kabla ya kuapa, isipokuwa moja tu kwa ibara ya 68: kumchagua Spika.

Mdakuzi_wa_Ilala

Na "atapangiwa kazi nyingine"?

MhaririZamuUsiku

Hiyo haina ibara, mkuu.